Ubingwa wa Tiba ya Dharura



Kwa kuwa nafanya kazi Wizara ya Afya, vijana wa sayansi wameniuliza habari za ubingwa wa tiba ya dharura. Mafunzo hayo yalianza Muhimbili mwaka 2010, nayo huchukua miaka 3. Anayesoma ni daktari tayari. Hufanya kazi kwa zamu, usiku na sikukuu. Faili langu likilala hadi Jumatatu halifi. Yeye huletewa mtu anayetweta, asiyeweza hata kujieleza. Huangalia kwanza njia ya hewa, kisha pumzi, kisha mzunguko wa damu. Jina la ugonjwa hutafutwa baadaye. Pengine mgonjwa hufa, na papo hapo mtoto mwenye degedege anamngoja. Anayependa kufikiri kwa nafasi achague fani nyingine, si aibu. Wenye maswali tuonane baada ya chakula.