Mawe Haya Yana Maana Gani?



Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe 12 yasimikwe, ili watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Nasi wa Tarime na Serengeti, watoto wetu wakituuliza habari za mawe ya kwetu, tutajibu nini?

Wilayani Serengeti ipo ngome ya Ikoma, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1917 Wajerumani na Wabelgiji walipigana hapo. Baadaye ikageuzwa kuwa hoteli ya watalii. Wako wasemao: "Hiyo ni nyumba ya waliotutawala, na ibomoke." Sisi hatukubaliani nao. Shahidi hafukuzwi barazani kwa kuwa maneno yake yanauma.

Tena, si mawe yote ni ya wageni. Ng'ambo ya mpaka wa Tarime, Migori nchini Kenya, kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Tujue pia sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye, kama ngome ya Ikoma, huhitaji tangazo la Waziri. Kwa hiyo uzee wa jengo pekee hautoshi. Lazima wawepo watu wa kulisemea.

Katika eneo hilo la Ikoma, vijiji vya Robanda, Nyichoka, Makundusi, Nata-Mbiso na Park Nyigoti vimetenga ardhi kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ili wanakijiji nao wapate sehemu ya mapato ya utalii. Hifadhi ya namna hiyo huwa ya haki pale mkutano mkuu wa kijiji unaporidhia kwa hiari, na hesabu zinaposomwa hadharani. Nabothi hakuwa mkaidi. Alilinda urithi wa baba zake.

Basi, katika Jumuiya Ndogo Ndogo tujadili:

1. Ni majengo na kuta zipi za kale zilizo kijijini petu, na ni wazee gani wanaojua habari zake?

2. Je, serikali ya kijiji imetunga sheria ndogo ya kuzuia mawe yake yasichukuliwe?

3. Mara ya mwisho tulisomewa lini mapato ya hifadhi, nasi tuliuliza nini?

Haki isiyoulizwa husinzia. Tuiamshe kwa amani.