Mionzi Si ya Namna Moja



Hapa Kiboko twapitiwa na reli, barabara kuu ya Mombasa na bomba la mafuta. Mizigo ya kila namna yapita mbele ya macho yetu. Leo twataka kusema juu ya hatari isiyoonekana wala kunuka, nayo ni mionzi ya nyuklia. Wako wanaoiogopa yote sawasawa, na wako wanaoidharau yote. Wote wamekosea, kwa kuwa kila namna ya mionzi ina kinga yake.

Ya kwanza ni alfa. Hiyo haiendi mbali. Karatasi moja, au ngozi yetu, yatosha kuizuia. Lakini ikiingia mwilini pamoja na vumbi au chakula, yadhuru sana. Kule Kwale, udongo wa kilima cha Mrima una thoriamu, na thoriamu hutoa alfa. Achimbaye udongo wa namna hiyo na afunike pua na mdomo, tena anawe kabla ya kula.

Ya pili ni beta. Hiyo hupenya karatasi na yaweza kuunguza ngozi, lakini bati la alumini la unene wa milimita chache huizuia.

Ya tatu ni gama. Hiyo hupita mwilini kabisa, na kuipunguza hapana budi kutumia risasi au zege nene. Mafundi huitumia kupiga picha maungo ya mabomba, wapate kuona ufa. Kinga yake ni kukaa muda mfupi, kusimama mbali, na kuweka kizuizi. Ukitoka mita 1 ukasimama mita 2, nguvu yake hubaki robo tu. Eksirei ya hospitali yafanana na gama, lakini mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Gama ya madini haina swichi.

Iko pia nyutroni, ambayo hupatikana hasa katika mitambo ya nyuklia. Hiyo huzuiwa kwa maji mengi au zege.

Kwa nini jambo hili latuhusu sisi? Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu walichukua kifaa cha tiba katika hospitali iliyoachwa, wakakiuza kwa mfanya biashara ya vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu uliong'aa buluu usiku. Watu wakaugawana, wengine wakajipaka. Seziamu ile ilitoa beta na gama, ikawadhuru nje na ndani ya mwili. Watu 4 walikufa, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Hawakuwa wataalamu wa nyuklia. Walikuwa watu wa kazi kama sisi.

Basi, ukiona katika chuma chakavu kopo zito la risasi, au alama ya mapanga matatu meusi juu ya rangi ya manjano, usiliguse, usilipasue. Waondoe wenzako, zuia njia, mwite msimamizi. Sheria ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, na kazi hiyo ni yake.

Na mwajiri akikutuma mahali penye mionzi, muulize: ni ya namna gani? Kinga iko wapi? Beji ya kupimia iko wapi? Kuuliza hivyo si ukaidi. Mshahara hulipa kazi ya mtu. Haununui uhai wake.

Umoja ni nguvu.