Ndimu Haipiki Chaza

Juzi, mezani, rafiki yangu aliwakamulia ndimu chaza wabichi akasema, "Tayari wameiva!" Nilimzuia, maana ana ugonjwa wa ini.

Katika bahari yenye joto huishi bakteria waitwao Vibrio vulnificus. Chaza huchuja maji na kuwakusanya mwilini, lakini hanuki wala ladha haibadiliki. Ndimu, pilipili na pombe haziwaui, moto huwaua. Wakiingia damuni mwa mgonjwa wa ini, huweza kumwua kwa siku chache.

Mwaka 2003 jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku chaza wabichi wa Ghuba ya Mexico waliovunwa miezi ya joto, isipokuwa waliosindikwa kuua vijidudu. Vifo vilikaribia kwisha.

Rafiki yangu alinuna, kisha akaagiza wa kuchemshwa. Heri anune, ndugu zangu, kuliko tumzike.