MOYO HAUULIZI KABILA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumesikia watu wakisema kwamba ugonjwa wa moyo umo katika damu ya kabila fulani, kwa hiyo hakuna la kufanya. Mwajiri hulipenda neno hilo. Kama ugonjwa ni wa damu, yeye hadaiwi kitu.

Sikilizeni habari za Wajapani. Tangu mwaka 1965 wataalamu waliwapima wanaume wa asili ya Kijapani mahali patatu: kwao Japani, katika Hiroshima na Nagasaki, Honolulu katika visiwa vya Hawaii, na upande wa San Francisco, California. Babu zao ni wamoja. Lakini waliobaki kwao waliugua moyo kwa uchache, wa Hawaii wakawazidi, na wa California wakazidi wote.

Chakula kilibadilika, ni kweli. Lakini mwaka 1976 wataalamu Marmot na Syme walionyesha jambo jingine. Huko huko California, Wajapani walioshikamana na wenzao kwa desturi za kwao waliugua kwa uchache kama watu wa Japani. Walioziacha kabisa waliugua mara tatu hadi tano zaidi. Hata chakula, sigara na presha ya damu vilipotiwa katika hesabu, tofauti ilibaki.

Na kwetu Kenya? Katika miaka ya 1980 walipimwa Wajaluo waliotoka mashambani kuja Nairobi. Muda si mrefu presha yao ikapanda kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na chumvi waliyokula ikazidi. Safari ya kuja mjini haibadili damu ya mtu. Hubadili maisha yake: chakula chake, usingizi wake, na watu wa kumjulia hali.

Basi, ndugu, tunasema mambo matatu. Kwanza, presha ipimwe kazini kila mwaka, kwa gharama ya mwajiri. Pili, katika mapatano yajayo tudai likizo na nauli ya kumfikisha mtu kwa jamaa yake, na saa ya kutosha ya kula chakula cha kufaa. La tatu ni letu wenyewe: mwenzetu aliye mgeni mjini, au yule wa zamu ya usiku anayelala peke yake mchana, asiachwe hivyo. Tumtembelee, tumwingize katika chama.

Umoja hutupatia mshahara, na moyo nao unauhitaji.