Ardhi ya Pwani Isiachwe Uchi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Bagamoyo)



Mara nyingi sisi tulio maofisini na madarasani humlaumu mkulima wa Pwani kwamba hajui kutunza ardhi. Leo naomba tuanze kwa kumtendea haki. Wazee wa Bagamoyo walijua tangu zamani kwamba shamba huchoka. Walilima misimu michache, kisha wakaliacha liote vichaka, wakahamia kwingine. Waliporudi baada ya miaka walikuta udongo umepata nguvu tena. Lakini watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, na idadi yao ilipozidi kuongezeka, nafasi ya kuhamahama ilikwisha. Tuliinyima ardhi likizo yake, na hatukuipa kitu badala yake. Hilo ndilo deni ninalotaka tulizungumze.

Udongo wa sehemu nyingi za ukanda huu, kutoka Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo, ni wa kichanga. Mchanga hauhifadhi maji wala rutuba kwa muda mrefu. Kinachousaidia ni mboji, na mboji hutengenezwa na viumbe hai: minyoo, mchwa, kuvu, na bakteria wasioonekana kwa macho. Viumbe hao nao wanataka chakula, unyevu na kivuli. Tunapochoma majani shambani, jivu hutupa nguvu ya msimu mmoja tu. Naitrojeni huondoka na moshi, na jua la kiangazi huukausha udongo ulio wazi. Mvua za masika zikifika huosha kilichobaki.

Dawa ipo, nayo ni mazao ya kufunika ardhi, hasa ya jamii ya kunde. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mahindi hayawezi kuitumia moja kwa moja. Mwaka 1888 mtaalamu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, aliwatenga bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya mimea hiyo. Bakteria hao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Mmea ukikatwa na kuachwa shambani, sehemu ya mali hiyo hubaki kwa zao linalofuata.

Jambo hili si geni nchini. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mimea ya kufunika ardhi ilipandwa kati ya mistari. Huko Peramiho, Wabenediktini walieneza mmea wa marejea, na jina lake pekee latosha kuwa somo: hurejesha rutuba. Nasi Bagamoyo tunazo kunde, choroko, mbaazi na fiwi. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, au wa muhogo popote wilayani, hana haja ya kungoja mbegu kutoka mbali.

Hata hivyo tusimdanganye mtu. Zao la kufunika likipandwa mapema mno laweza kugombania maji na mahindi; heri lipandwe mahindi yakisha kushika. Faida yake haionekani yote msimu wa kwanza. Wala mkulima mwenye njaa hatapanda majani matupu. Ndiyo maana kunde, yenye mboga na mbegu, yafaa kutangulia. Akisha kuvuna, mashina na majani yabaki shambani, yasipelekwe motoni.

Sasa ni zamu yetu. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule lilikusudiwa kuwa darasa. Lakini yako mashamba ya shule ambayo bado hufyekwa na kuchomwa, kisha mtoto akafundishwa habari za rutuba ubaoni. Mwalimu na ang'oe mche wa kunde, apasue kinundu mbele ya wanafunzi. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wamo kazini. Ofisa mwenye shamba naye aache kiberiti nyumbani, kwa maana wakulima hutazama mashamba yetu kabla ya kusikiliza maneno yetu.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Walikuwa wakisema juu ya malezi ya mtoto. Kwa mtoto na kwa udongo wenyewe, hatuna budi kuuwahi.