Banda Kwanza, Nyumba Baadaye

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wafugaji wadogo wa kuku, Nairobi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kufuga kuku uani. Lakini kwa kweli habari yangu haikuanza kwa kuku. Ilianza kwa picha.

Kwa miaka mingi nilikaa mjini katika vyumba viwili vya kupanga, na ukutani nilibandika picha ya nyumba ya magogo niliyoikata katika kalenda. Nyumba za namna hiyo ni za nchi za baridi, kama Ufini na Norwei, ambako misonobari humea mirefu na kunyooka. Magogo hulazwa moja juu ya jingine, na ncha zake huchongwa ili yashikane penye pembe. Kila jioni niliitazama picha ile, nikajiona nimeketi barazani mwangu huko Kinangop, kando ya milima ya Nyandarua, moto ukiwaka ndani.

Ili nipate fedha za kujenga, nilianza kufuga kuku nyuma ya nyumba, hata wakafika 28. Mayai mengine tulikula, mengine tuliuza, na faida yote niliiweka akiba ya kununulia mabati. Basi nikalewa ndoto. Kila Jumapili nilizunguka kwa wauza mbao nikiuliza bei, hali banda la kuku lilikuwa likivuja. Afisa wa mifugo alitushauri tuwachanje kuku wetu. Nikamjibu, "Mwezi ujao, Bwana."

Mwezi ujao ulifika pamoja na ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Siku ya kwanza kuku wawili walijikunyata, mabawa yamelegea, kinyesi chao cha kijani. Kisha wengine wakapumua kwa shida na kupinda shingo. Kabla juma halijaisha, walibaki 3 tu. Mke wangu alisimama mlangoni mwa banda akasema, "Baba watoto, umepima mbao za nyumba usiyo nayo, lakini dawa ya kuku ulio nao hukuikumbuka." Sikuwa na neno la kumjibu. Wazee walikwisha sema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mabibi na Mabwana, hasara ile ilinifundisha mambo matatu.

La kwanza ni chanjo. Mdondo hauna dawa ya kuuponya, na chanjo haimsaidii kuku aliyekwisha ugua. Sharti itangulie. Iko chanjo ya kutia tone moja katika jicho, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne kwa kufuata maagizo ya afisa wa mifugo. Chupa moja mara nyingi hutosha kuku 100 au zaidi. Kwa hiyo yafaa majirani wachange fedha na kuchanja siku moja, kwani ugonjwa haujui ua wa mtu. Kuku mgeni naye atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

La pili ni banda. Liwe kavu, lipitishe hewa, lisijazwe kuku kupita kiasi. Kuku watano kwa kila mita moja ya mraba wanatosha. Sakafuni tandaza maranda makavu, na kila yakilowa yaondoe.

La tatu ni daftari. Andika gharama ya chakula, hesabu ya mayai, na fedha zilizoingia. Fedha ya dawa itengwe kwanza, ndipo ufikirie mabati.

Nilipokuwa nikijenga banda jipya, nilitambua jambo la ajabu: nilikuwa nikijifunza kujenga nyumba yangu. Banda huinuliwa juu ya ardhi ili kukwepa unyevu na mchwa. Nyumba ya mbao vilevile. Paa la banda hutokeza nje ili mvua isipige ukuta. La nyumba vilevile. Fundi mmoja alinionyesha pia kwamba gogo moja la ukuta likipasuliwa hutoa mbao kadhaa. Basi niliacha tamaa ya magogo mazima, nikachagua mbao za misaipresi zilizopigiliwa juu ya nguzo zilizotiwa dawa.

Leo nina kuku 40, na wote wamechanjwa. Nyumba ya Kinangop bado haijaisha. Msingi wa mawe na nguzo tu ndizo zilizosimama. Picha ya kalenda ingali ukutani, lakini chini yake nimebandika karatasi yenye tarehe za chanjo, na kila asubuhi huisoma hiyo kwanza.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Ndugu zangu, mwenye ndoto ya nyumba shambani asiifukuze. Ila kabla hajalala, achukue taa, aende akalitazame banda lake.