Kabla Hujaitupa: Kazi za Mikono kwa Vikundi vya Watoto

(Maneno haya yalisemwa mbele ya walimu wa chekechea, wahudumu wa afya ya jamii na walezi wa vikundi vya watoto kutoka Migori na Homa Bay. Tumeyapunguza kidogo ili yatoshe ukurasani.)

 

Nimeombwa nizungumzie kazi ambazo watoto wanaweza kufanya kwa mikono yao kwa kutumia vitu tunavyotupa nyumbani. Wapo watakaouliza kwa nini kaunti inajishughulisha na matambara na vifuniko vya soda. Jibu liko kwenye Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti elimu ya chekechea, vituo vya ufundi wa nyumbani na vya kulea watoto. Jedwali hilohilo linazipa kaunti kazi ya kuondoa taka. Mtoto ni wetu na taka ni yetu. Leo tunawakutanisha, lakini kwa uangalifu, kwa sababu taka nyingine haifai kabisa kuguswa na mtoto, na nitafika hapo.

Kwanza niseme jambo ambalo wazazi hulisema wakiwa njiani kurudi nyumbani lakini si ndani ya mkutano. Tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka 2019, kazi za sanaa zimewagharimu. Leo manila, kesho gundi ya dukani, keshokutwa picha za kuchapishwa kwa saiba. Hata pale mwalimu anaposema "leteni vitu vya kutupwa", mambo huenda kombo. Mzazi anaambiwa usiku kwamba chupa tatu za plastiki zinatakiwa asubuhi. Hana. Anakimbia dukani, ananunua soda ambazo hakuna aliyekuwa na kiu nazo, ili mtoto apate chupa tupu. Hapo hatujatumia taka. Tumetengeneza taka mpya kwa pesa ya unga.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu na walezi ni hili: usimtume mtoto na orodha. Weka gunia pembeni mwa chumba, na kila mtu alete alichonacho, kikiwa kimeoshwa na kukauka. Baada ya wiki mbili, fungua gunia uone mna nini, ndipo uamue kazi ya kufanya. Kukijaa vifuniko, tutahesabu na kucheza drafti. Kukijaa matambara, tutashona mpira. Mtoto ambaye kwao hakuna chochote cha kuleta asiulizwe mbele ya wenzake. Gunia ni la wote. Na mtoto yeyote asitumwe jaani kuokota. Kama mali haitoshi, mtu mzima aende kwa fundi cherehani sokoni Rongo au Oyugis, ambaye kila jioni hufagia mabaki ya vitambaa. Aende hotelini kuomba trei za mayai. Aende ufuoni, pale Sori, Muhuru Bay au Mbita, azungumze na kamati ya ufuo kuhusu kamba na nyavu zilizochakaa.

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Nitaanza na mpira, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu sioni kazi inayoushinda.

Waliokulia huku wanaijua ajuala: karatasi za nailoni zilizofinyangwa na kufungwa kamba, mpaka ukapatikana mpira wa kuvunja madirisha. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Mali ya ajuala ikaadimika. Watoto hawakuacha kucheza, wakahamia kwenye matambara. Basi tuwafundishe kuutengeneza vizuri, ili usifumuke kabla ya bao la kwanza.

Anza na kiini chepesi. Chukua majani makavu ya mgomba, au kipande cha sponji ya godoro kuukuu, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ukianza na nguo nzito, mpira utakuwa jiwe, na ukinyeshewa utaumiza vidole vya miguu. Kata nguo kuukuu vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, kisha zungusha juu ya kiini kwa kuvuta. Siri iko kwenye kuvuta, na katika kugeuza mpira kidogo kila mzunguko ili usiwe yai. Watoto wawili wawili hufanya vizuri: mmoja anashika, mwingine anazungusha. Ukifika ukubwa wa chungwa kubwa, tafuta tiubu ya baiskeli iliyotupwa, ikate vipande vyembamba kama mkanda, uzungushie tabaka moja. Tiubu ndiyo itakayoufanya mpira udunde. Juu yake endelea na matambara, kisha uingize wote ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake. Sokota shingo ya soksi, uirudishe juu ya mpira mara ya pili, ushone.

Mwisho ni ngozi ya nje, nayo ni wavu wa kamba ya katani au uzi wa nyavu. Tumia uzi wa kusokotwa, si ule wa nailoni mwembamba kama unywele, maana huo hukata vidole. Na hapa nina pendekezo. Fundo la wavu si jambo la kufundishwa na mwalimu kutoka kwenye kitabu. Mwalike mvuvi. Ufuo wowote wa ziwa hili una mzee ambaye vidole vyake hufunga fundo hilo huku akizungumzia mambo mengine. Ninyi mnaoendesha vikundi vya watoto mnajua kwamba wanaokuja kusaidia karibu wote ni kina mama. Wanaume husema hawajui la kufanya na watoto wadogo. Mpe mzee uzi na mpira, umpe na watoto sita. Atajua la kufanya.

Kwa watoto wa PP1 na PP2 kuna faida nyingine. Kabla mkono haujashika penseli vizuri, vidole vinahitaji nguvu, na nguvu hiyo haiji kwa kuandika herufi "a" kurasa tatu. Inakuja kwa kuvuta, kusokota, kukunja na kufinya. Mzazi akikuuliza kwa nini mtoto wake ameshinda akifunga matambara badala ya kuandika, mwambie hivyo.

Baada ya mpira kuna lori. Mkebe wa mafuta ya kupikia au katoni ya maziwa ndio bodi. Patipati iliyokatika ukanda inatoa magurudumu manne. Vijiti viwili vilivyonyooka ndivyo ekseli. Kukata magurudumu na kutoboa ni kazi ya mtu mzima. Kupima, kupaka rangi, kupanga mzigo na kubishana kuhusu namba ya gari ni kazi ya watoto. Mkidharau patipati, kumbukeni lile jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya patipati za rangi zote. Lilizinduliwa mwaka 2018, na mwaka 2021 likaletwa likasafiri humu ndani ya Ziwa Victoria. Linaitwa Flipflopi, yaani lina jina la patipati zenyewe.

Trei ya mayai ya kawaida ina mashimo 30, safu 5 za mashimo 6. Unganisha trei mbili kwa gundi, ukate safu mbili zenye mashimo 8, na umepata ubao wa ajua. Punje za maharagwe zinatosha. Mtoto akicheza ajua na nyanya yake wiki moja, hesabu ya kujumlisha na kutoa ameshaipita bila kujua. Lakini chagua trei safi, isiyo na kinyesi cha kuku wala yai lililopasuka, uianike juani kwanza, na watoto wanawe mikono wakimaliza.

Shanga za karatasi nitazipitia haraka, kwa sababu wengi mmeziona. Wanawake wa Kampala wamezifanya biashara. Kata ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita kuwa pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu sentimita 25. Anza kukunjia upande mpana juu ya njiti ya ufagio, ubandike ncha kwa gundi, uchomoe njiti. Zinafaa watoto wa miaka saba kwenda juu. Wadogo hukosa subira, na hawakosei.

Kuhusu yale maua ya chupa za plastiki yaliyopakwa rangi na kutundikwa ofisini, mniwie radhi. Kipimo changu ni kimoja: baada ya wiki, je, mtoto bado anakichezea? Kama hapana, hiyo bado ni taka, ila sasa imepakwa rangi.

Gundi msinunue. Vijiko viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, halafu weka kwenye moto mdogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito na ing'ae. Unga wa muhogo nao unashika vizuri. Tia chumvi kidogo. Hukaa siku mbili au tatu, kisha hunuka. Mpike kidogo kidogo. Rangi nyeusi ni makaa yaliyosagwa, nyekundu ni udongo wa kichuguu uliochekechwa, ya manjano ni bizari kutoka jikoni. Changanya na gundi hiyohiyo.

Sasa kuhusu vitu vya kukataa. Naomba utulivu hapa, na wale wa nyuma msogee.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka: inayooza, iliyo kavu, na ya hatari. Gunia la watoto ni la taka kavu peke yake. Chupa au mtungi uliobeba dawa ya kunyunyizia mahindi au tumbaku, dawa ya kupe, dawa ya panya, au asidi ya betri ya gari, hauingii kwenye gunia hata ukioshwa mara saba. Sumu hunywewa na plastiki yenyewe, nawe huioni. Ndugu zangu wa Nyatike mlio karibu na machimbo ya dhahabu ya Macalder, chombo chochote kilichobeba zebaki kisivuke mlango wa chumba cha watoto. Akija mtoto na chupa isiyo na lebo na mwenyewe hajui ilikuwa na nini, tuihesabu kuwa ya sumu. Mwondolee kwa upole, usimwaibishe, halafu ufuatilie nyumbani kwao, kwa sababu huenda ndiyo wanayotilia maji ya kunywa.

Betri za redio na tochi nazo hapana. Najua zamani ubao wa darasa ulipakwa weusi wa ndani ya betri, na wako watu wanaopaka kuta hivyo hadi leo. Tumieni makaa. Sindano za hospitali, glavu, nepi, vipande vya kioo na balbu, hapana.

Mkebe una makali. Mtu mzima akunje ukingo wake kwa koleo na kuusugua kwenye jiwe kabla mtoto hajaushika. Msumari wa moto wa kutobolea plastiki utumiwe nje, na mtu mzima, watoto wakiwa mbali na moshi. Kuyeyusha plastiki kama mchezo, au kuwasha moto kwa chupa zilizobaki, ni mwiko.

Kwa walio na watoto chini ya miaka mitatu, kuna kipimo rahisi. Chukua kile kiini cha karatasi ya choo. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake kinaweza kuziba koo. Kifuniko cha soda kinapita. Shanga inapita. Punje ya ajua inapita. Kwa hivyo, kama kikundi chenu kinachanganya wadogo na wakubwa, na najua vingi vinachanganya kwa sababu dada mkubwa huja na mdogo mgongoni, wagawanyeni. Wakubwa wakae kwenye meza na wadogo mkekani na mpira. Wakimaliza, vifuniko vihesabiwe kabla watu hawajatoka. Vilitoka 40, virudi 40. Wakubwa wanaweza kupewa kazi hiyo ya kuhesabu.

Haya, nimesema vya kutosha. Meza ya kwanza ina matambara, soksi na tiubu. Ya pili ina trei za mayai. Ya tatu ina kalenda na njiti za ufagio. Mzee wetu kutoka ufuoni amekaa pale mlangoni na uzi wake. Mwende kwake watano watano, na walimu wanaume watangulie. Gundi bado ina moto, kwa hivyo atakayeichota awe mtu mzima. Nusu saa, kisha tubadilishane meza.